Mbwa wetu amezeeka na kazi imemshinda: namshukuruje?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibaha. Tuna mbwa anaitwa Bosi, chotara, tulimpata mwaka 2013 akiwa bado anaenea kwenye mfuko wa rambo. Amekua na wanangu. Yule wa mwisho alijifunza kusimama kwa kumshika masikio, na Bosi alimvumilia. Mwaka huu amebadilika. Asubuhi miguu ya nyuma inamgomea, macho yana ukungu, mtu anagonga geti yeye kalala. Usiku anazungukazunguka uani. Mume wangu anasema ameshamaliza kazi yake, apelekwe kijijini kwa shemeji, sisi tulete mdogo. Watoto wamesusa. Jirani naye ananicheka, eti nalilia mbwa kama niliyefiwa. Je, ni ujinga kumshukuru mbwa? Na kama si ujinga, unamshukuruje mnyama asiyejua neno asante?

Jibu: Marahaba, mama. Swali lako nimelisoma hapa kliniki, kati ya mbwa aliyejaa kupe na paka aliyemeza uzi, nikaona nisilijibu kwa haraka.

Si ujinga. Kazi hii nimeifanya miaka 26, na wanaolia mbele yangu si watoto peke yao. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mzee mmoja mstaafu, kapanda bajaji na mbwa wake. Kwenye kadi ya chanjo jina la mbwa lilikuwa Hayawahusu. (Majina ya mbwa wetu ni kama jina la kanga: ujumbe ni wa jirani, mbwa ni mpeleka barua tu. Nimeshawachanja akina Watasema, Mtajiju, na mmoja aliyeitwa Kodi Imelipwa.) Mzee hakutaka maneno mengi. Mbwa kazeeka, habweki tena, nimdunge sindano yaishe. Nikamwomba asubiri nimalize na mteja aliyemtangulia. Akakaa kwenye benchi, Hayawahusu akajilaza sakafuni na kidevu akakiweka juu ya kiatu cha mzee.

Nilichelewa, karibu dakika 40. Niliporudi nilimkuta mzee kakaa vilevile nilivyomwacha, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Nikamwambia, haya mzee, simama twende ndani. Akaninong'oneza: "Subiri kwanza. Mguu umekufa ganzi, lakini kalala."

Sindano ile hatukuidunga. Aliondoka na dawa ya maumivu na maelekezo ya chakula, na Hayawahusu akaishi mwaka mmoja na miezi minne mingine. Sikuwahi kumuuliza mzee yule kama anampenda mbwa wake. Angekasirika.

Sisi Waswahili tuna misemo mingi ya kulalamikia wasio na shukrani. Shukrani ya punda ni mateke. Mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi. Siku zote mlalamikaji ni binadamu aliyetoa, na anayelaumiwa ni aliyepokea. Sasa kwa Bosi, mama, hesabu imegeuka. Miaka 12 mtoaji alikuwa yeye. Anayesubiriwa sasa aonekane kama ana mateke ni nyinyi.

Naomba nikupe habari moja ya zamani, kisha nitarudi kwenye miguu yake. Mwaka 1914, wachimba mawe huko Oberkassel, karibu na Bonn, Ujerumani, walifukua kaburi. Ndani mlikuwa na mwanamume, mwanamke, na mifupa ya mnyama ambaye baadaye wataalamu walimtambua kuwa mbwa. Kaburi lile lina miaka 14,000 hivi. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Luc Janssens, daktari wa mifugo kama mimi (niache nijivune kidogo), iliyachunguza upya meno ya mbwa yule. Gamba la juu la meno lilikuwa na alama za aina tunayoiona kwa mbwa walioshikwa na distempa wakiwa wadogo. Distempa unaijua hata kama hujui jina lake: mbwa mdogo anatoka makamasi, anatapika, anaharisha, mwishowe anatetemeka. Ndiyo hiyo iliyovuka na kuua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Wale wataalamu walisoma kwenye meno kwamba mtoto yule wa mbwa aliugua akiwa na miezi minne hivi, akapata nafuu, akaugua tena, akarudia tena, hadi akafa akiwa na miezi saba hivi.

Mimi distempa nimeiuguza. Mtoto wa mbwa katika hali ile, asipokuwa na mtu wa kumsafisha, kumnywesha maji kidogokidogo na kumtia joto, hamalizi wiki tatu. Maana yake kuna mtu, miaka 14,000 iliyopita, hana dripu wala chanjo, aliyekaa na mbwa mgonjwa wiki baada ya wiki. Na mbwa mwenyewe hakuwa amewinda chochote, wala kulinda chochote. Hakuwa na kazi hata moja ya kuonyesha. Alipokufa wakamlaza kaburini pamoja na watu.

Ndiyo maana neno la mumeo la "amemaliza kazi" nalichukua kwa heshima, lakini silikubali lote. Ana hoja, tusimwonee. Nyumba inahitaji mlinzi, na wezi wa Kibaha hawapumziki kwa kuwa Bosi kazeeka. Ila ulinzi ulikuwa kazi moja tu katika kazi zake. Mwandikie orodha, au afadhali umwambie kwa mdomo jioni akiwa ameshiba: nani alikaa na watoto uani ulipokuwa sokoni, nani alikuwa wa kwanza kumpokea mtoto aliyefeli mtihani bila kumuuliza amekuwa wa ngapi. Na muulize baba yao mwenyewe: kwa miaka hii yote akirudi kazini usiku, nani ndani ya nyumba hiyo aliyekuwa akinyanyuka kumpokea kila siku, bila kukosa, bila kununa? Wewe mama nakuheshimu, lakini najua si wewe.

Furaha mnayoipata hapo si ya kufikirika. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha katika jarida la Science jaribio lao: mtu na mbwa wake waliwekwa chumbani dakika 30, wakapimwa mkojo kabla na baada. Waliotazamana machoni kwa muda mrefu walipanda oksitosini, mtu na mbwa wake wote wawili. Oksitosini ni homoni ile ile inayomjaa mama anaponyonyesha. Walijaribu na mbwamwitu waliolelewa na watu tangu wadogo, haikutokea. Kwa hiyo mwanao aliyeshika masikio ya Bosi na kumkodolea macho, kuna kitu kilikuwa kikipita kati yao, na kilikuwa kikienda pande zote mbili.

Kuhusu jirani. Kama kicheko chake ni cha kawaida, mwache acheke, hata mbuzi wake akifa atanuna wiki nzima. Kama nyuma ya kicheko kuna dini, hapo nenda taratibu. Waislamu wengi wa pwani yetu wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na humo mate ya mbwa ni najisi, chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ndiyo maana wahenga wakasema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Heshimu hilo: Bosi awe na bakuli lake, asizurure kwenye kibaraza cha watu wala kumkaribia mtu anayekwenda swala. Lakini twahara ni jambo moja na huruma ni jambo jingine. Katika Sura ya Al-Kahf, vijana waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele pale mlangoni, na Kurani inapotaja hesabu yao inamtaja na yeye. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa kwa tendo hilo. Sijawahi kumwambia mteja wangu Muislamu hadithi hiyo akawa haijui. Wengi ndio walionifundisha mimi.

Sasa tuje kwenye mwili wa Bosi. Wewe umeuliza anashukuriwaje asiyejua neno asante, na mimi jibu langu ni la mikono zaidi kuliko la mdomo.

Kwanza umri. Watu huzidisha mwaka wa mbwa mara saba, hesabu ambayo haiendi: mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuzaa, mtoto wa miaka saba hawezi. Kwa mbwa wa umbo la kati kama huyo wako, miaka 12 ni kama mtu aliyefika sabini. Ukimwona hivyo, mengi unayoyaita uvivu yatabadilika jina.

Miguu ya nyuma inayogoma asubuhi, kisha inalainika akitembeatembea, mara nyingi ni maungio yaliyochakaa, kama magoti ya bibi. Sakafu ya saruji ni adui yake mkubwa. Chukua godoro kuukuu, lishonee gunia au turubai ili mkojo usiingie, liweke mahali pakavu pasipo na upepo, karibu na mlango anaoujua. Kama baraza lenu lina vigae vinavyoteleza, tandika mkeka au vipande vya zulia kwenye njia yake. Mbwa mwenye nyonga mbovu akiteleza mara moja huogopa kutembea wiki nzima. Kucha zikatwe, maana mbwa asiyekimbia hazimaliziki zenyewe, na kucha ndefu zinampindisha kidole. Atembezwe kidogo asubuhi na kidogo jioni, asilazwe siku nzima. Na apungue uzito akiwa mnene: pitisha vidole ubavuni, mbavu uzihisi bila kubonyeza sana.

Dawa ya maumivu ipo, na inabadilisha maisha ya mbwa mzee ndani ya siku chache. Meloksikamu, kwa mfano, kwa kipimo cha uzito wake, baada ya daktari kuangalia figo na ini. Hapa naomba usimame unisikilize vizuri. Usimpe diklofenaki. Usimpe ibuprofeni. Usimpe panado. Mwaka jana nililetewa mbwa mzee aliyepewa diklofenaki siku tatu mfululizo kwa ushauri wa muuza duka la dawa, mtu mwenye nia njema kabisa. Alitapika damu, choo kikawa cheusi kama lami. Tumbo la mbwa na figo zake havihimili dawa hiyo kama wewe unavyoihimili. Paka ndiyo kabisa, kidonge kimoja cha panado kinatosha kumuua. Mbwa yule tulimzika wawili, mimi na mwenye mbwa, tukishika jembe kwa zamu, na muda wote mwenzangu alikuwa akirudia, "Daktari, mimi nilikuwa namsaidia."

Macho. Ukungu wa mbwa mzee ni wa aina mbili. Kuna ule wa kijivu chenye ubuluu, unaokuja na umri kwa sababu lenzi ya jicho inakuwa ngumu. Huo haumpofushi, anaendelea kuona vizuri kiasi. Na kuna mtoto wa jicho, mweupe kama maziwa, huo unaziba. Nyumbani mnaweza kupima. Chukueni kipande cha pamba, mtoto mmoja amshike Bosi taratibu, mwingine aiachie pamba ianguke mbele ya jicho, kwa upande. Pamba haina sauti wala haina harufu ya kumvuta, kwa hiyo akiifuata kwa jicho, ameiona. Fanyeni kila jicho peke yake, jingine likiwa limefunikwa kwa kiganja. Watoto wanaipenda kazi hii, nawe utapata jibu la maana kuliko kumwangalia tu.

Geti linagongwa naye kalala: sidhani kama amedharau kazi, nahisi hasikii. Mbwa mzima husikia sauti nyembamba hadi kiwango cha hezi 45,000 hivi wakati sisi tunaishia 20,000, ndiyo maana alikuwa akinyanyuka pikipiki ya baba yao ikiwa bado kona ya mbali. Uzee unayachukua masikio polepole. Mpime akiwa amelala, tikisa funguo nyuma yake. Kama kweli hasikii, waambie watoto wasimguse ghafla akiwa usingizini, hata wao aliowalea. Mbwa kiziwi akishtuka anaweza kuuma kabla hajajua anamuuma nani. Wapige mguu chini kwanza, mtikisiko ataupata kupitia ardhini.

Huku kuzunguka usiku kunaweza kuwa maumivu, kunaweza kuwa kibofu, na kunaweza kuwa akili inachoka, kama wazee wetu wanaoamka saa nane wakiuliza kama ng'ombe wameingia. Angalia mambo mawili: anakunywa maji kuliko zamani? Anasimama kwenye kona ameukodolea ukuta kama aliyesahau alichokijia? La kwanza linanipeleka kwenye figo au kisukari na linataka kipimo cha damu na mkojo. La pili halina dawa ya kuliondoa, ila taa ndogo uani, ratiba isiyobadilika na chakula kwa saa ile ile vinasaidia kuliko unavyotarajia. Bakuli la maji lisihamishwe mahali pake. Hata ndoo ya kufulia isiachwe njiani kwake.

Chakula sitakusumbua sana. Ugali laini wa dona na dagaa waliooshwa vizuri mchanga ukatoka, bila chumvi, ni chakula cha heshima. Yai la kuchemsha au ini mara mojamoja, na ugawe mara mbili kwa siku badala ya moja. Fungua mdomo wake uangalie meno ya nyuma: kama kuna ukoko wa kahawia na harufu ya kukimbiza watu, huenda anakula kidogo kwa sababu ya meno na si kwa sababu ya uzee. Hatari yake kubwa huwa ni siku ya sikukuu, watoto wanapotaka kumshirikisha kwenye sahani. Pilau letu lina vitunguu vinavyoharibu damu yake, na likiwa na zabibu kavu, zabibu zinaua figo. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vijiti vya kiberiti. Kila Idi na kila Krismasi simu yangu hailali kwa sababu ya upendo wa namna hii.

Na chanjo ya kichaa. Wengi wakiona mbwa kazeeka wanaona chanjo ni hasara. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wameumwa na mbwa, na watoto chini ya miaka 15 ni sehemu kubwa ya wanaong'atwa. Mbwa mzee asiyeona vizuri hawezi kumkwepa mbwa koko mwenye kichaa anayepita uani. Kumchanja Bosi ni kumlinda yeye, ni kuwalinda watoto wanaomkumbatia, na hata yule jirani anayecheka. Siku akikuuma mbwa yeyote, hata wako, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, ndipo uende hospitali, siku hiyo hiyo.

Kijijini, mama, nakuomba usimpeleke. Si kwamba shemeji ni mtu mbaya. Mbwa mwenye macho mabovu na masikio mabovu haishi kwa kuona, anaishi kwa kukariri: hatua ngapi hadi kwenye bakuli, harufu gani iko kwenye kona ipi, kizingiti kiko juu kiasi gani. Ramani hiyo ameichora miaka 12 na ni ya uani kwako tu. Ukimhamisha umempofusha kweli, tena katikati ya mbwa wageni wenye nguvu. Nilishawahi kushauri hivyo mwenyewe, mwaka wangu wa pili kazini, nikiona nimetoa suluhisho la busara. Mbwa yule alikataa kula siku nne, ya tano akaondoka, hakuonekana tena. Mtoto wa nyumba ile sasa ni mtu mzima. Tukikutana sokoni ananisalimia vizuri kabisa, na kila akinisalimia nakumbuka. Tena sheria nayo ipo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama namba 19 ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amtunze, ingawa sipendi kumtisha mtu kwa sheria afanye jambo ambalo moyo wake tayari unalitaka.

Mdogo mleteni. Hapo nakubaliana na mumeo moja kwa moja. Mtoto wa mbwa akikaa na mbwa mzee mtulivu anajifunza mambo ambayo wewe hutaweza kumfundisha: nani ni mwenyeji, nani apigiwe kelele, wapi pa kujisaidia. Ila awe na bakuli lake na mahali pake pa kulala, na Bosi awe na kona ambayo mdogo hafiki, maana meno ya mtoto wa mbwa kwenye masikio ya mzee mwenye maumivu ni mateso. Bosi apewe chakula kwanza, mdogo aone. Na msimfunge Bosi mnyororo ili mdogo acheze. Nimeliona hilo nyumba nyingi na linaniudhi kuliko kupe.

Umeniuliza kimyakimya pia kuhusu mwisho wake, nimelisoma katikati ya mistari. Fanyeni hivi: watoto wachukue kalenda ya ukutani, kila jioni waweke alama. Siku nzuri ni ile aliyokula, akanyanyuka mwenyewe, akaenda haja bila kujichafua, na akamfurahia walau mtu mmoja. Siku mbaya ni ile aliyoshindwa mengi ya hayo. Siku mbaya zikianza kuzidi nzuri wiki baada ya wiki, na dawa haisaidii tena, hapo mwiteni daktari wa mifugo. Dawa yenyewe ni ya usingizi, kwa kipimo kikubwa. Husinzia kwanza, kisha moyo unasimama, mara nyingi ndani ya dakika chache. Macho hayafumbi, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama. Nakwambia mapema usije ukadhani anateseka. Anayetaka kumshika kichwa amshike. Watoto wasidanganywe kwamba ametoroka, wataendelea kumwita getini miezi. Achimbiwe shimo la mita moja au zaidi, mbali na kisima, na udongo ushindiliwe.

Lakini hamjafika huko. Kwa maelezo yako Bosi bado anatembea, huyo ni mzee mwenye maumivu yanayotibika. Mpeleke apimwe wiki hii, na umwombe mumeo ndiye ampakie na kumshusha. Kadi ya chanjo mwende nayo. Hukuniambia tarehe, na nina wasiwasi imeshapita. Mkishafanya kile kipimo cha pamba niandikie: jicho lipi limefuata, lipi limekataa.